Tableti za watoto: tuulize kwanza zinasema luga gani

Ba papa na ba mama wa Kolwezi, Likasi, Kipushi, Kambove na Fungurume, habari hii inawaangalia ninyi. Kila mara sosiete ya migodi inakaa pamoja na wakaaji juu ya kuandika mapatano ya maendeleo, yale yenye wote tunaita «cahier des charges», hakukosi mutu mwenye kuinua mukono na kusema: «Watoto wetu nao wapewe ordinatere.» Watu wanapiga makofi. Wakubwa wa sosiete nao wanafurahi, maana ordinatere ni kitu chenye kuonekana upesi. Inafika mu karto, inapigwa foto, na magaribi ya siku ile kazi imekwisha. Kuchimba kisima kunaomba miezi. Kugawa tableti kunaomba asubuhi moja tu.

Hatusemi kama watoto wasipewe. Watoto wa migodi wana haki sawa na watoto wa Kinshasa na wa Ulaya. Tunasema hivi: mbele ya kupiga makofi, tufungue kwanza ile mashini na tuulize ndani mwake muko nini. Programu ya kufundisha njo kazi yenyewe. Mashini ni sanduku tu.

Na tuulize kwa nguvu, kwa sababu makuta yenyewe haiko zawadi. Sheria ya migodi, vile ilibadilishwa mu mwaka 2018, inalazimisha kila sosiete yenye kuchimba itoshe kila mwaka, kwa uchache, 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wenye wanaguswa na kazi yake. Mutu haulizi bei ya zawadi, lakini haki yake anaihesabu.

Fikra ya kumupa kila mutoto ordinatere yake ilizaliwa mbali na hapa, na imekwisha kupimwa mu inchi nyingi. Mu mwaka 2005, Nicholas Negroponte, mwalimu wa chuo kikubwa cha MIT kule Marekani, alisimama mbele ya wakubwa wa dunia na kusema atatengeneza ordinatere ya dola 100 kwa watoto wa inchi masikini. Mwezi wa 11 wa mwaka ule, mu Tunis, yeye na Kofi Annan walionyesha mufano wake: mashini ndogo ya rangi ya majani, na mukono wa kuzungusha juu ya kuipa umeme. Mukono ule haukufika ku mashini ya kweli. Bei ya dola 100 nayo haikufika: wakati kiwanda kilianza kutosha zile mashini mu 2007, kila moja ilikuwa karibu dola 188.

Lakini tuseme kweli, kama mashini ilikuwa kazi ya mafundi. Watu wenye kutengeneza pompi na kamyo watasikia maana yake. Haikuwa na kitu chenye kuzunguka ndani, wala diski wala feni, basi vumbi haikupata fasi ya kuingia kuharibu. Herufi za kupiga zilifunikwa na kauchu. Ekra ilisomeka hata chini ya jua kali la saa sita. Na ndani ya mukono wake wa kubebea walificha visu vya akiba, mutoto mwenyewe aweze kuifungua na kuifunga. Kuko na neno lingine lenye litachekesha watu wa Kolwezi: aina moja ya betri yake ilitengenezwa na chuma na fosfati, bila kobalti hata kiloko. Telefone na tableti za leo, nyingi zao, zinabeba kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu. Inapita Kasumbalesa mu kamyo, inazunguka bahari, na siku moja kazi ya baba inarudi ku mutoto wake mu karto, ikisema Kiingereza.

Basi, programu. Watu wa Negroponte hawakutaka kuweka ile yenye inatumika mu biro. Waliandika yao, wakaiita Sugar, ni kusema Sukari. Mwenye kuongoza kazi ile alikuwa Walter Bender. Fikra yake ilitoka ku mzee mumoja, Seymour Papert, mwenye alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mu 1928, na mwenye alifanya kazi kule Genève pamoja na Jean Piaget, yule mujuzi wa akili ya watoto. Papert alisema hivi: mu masomo mengi, ordinatere inamwamuru mutoto, inamuuliza swali, inamuambia «umekosa», sisi tugeuze, mutoto njo aamuru ordinatere. Mu mwaka 1967 yeye na wenzake walitosha luga ya Logo. Mutoto anaandika amri, na kobe mudogo anatembea ku ekra akichora mustari. Enda mbele hatua 50, geuka kuume, enda tena. Mutoto wa miaka minane anayetafuta namna ya kuchora nyumba amekwisha kuingia mu jometria, na hakuna mutu aliyemutisha na jina ya jometria.

Sugar ilifuata njia ile. Hamukuwa mafaili na madosie ya kutafuta. Mulikuwa kitabu kimoja cha siku, chenye kinakumbuka kila kazi yenye mutoto alifanya, tangu jana mpaka mwanzo. Mashini mbili zikikaribiana, zilizungumza zenyewe bila intaneti, na watoto wawili waliweza kuandika habari moja pamoja, kila mumoja ku mashini yake. Mulikuwa kuchora, kupiga muziki, kuandika, na ile kobe ya Papert. Tena programu ilikuwa huru: kila mutu aliweza kuisoma, kuibadili na kuigawa bila kulipa.

Sasa muone vile ilipita. Peru, inchi ya shaba sawa kwetu, ilinunua zaidi ya mashini 800.000, na nyingi zilienda mu masomo ya milimani na ya vijijini, fasi zenye masikini na bila intaneti. Mu 2012, Banki ya Maendeleo ya inchi za Amerika ilitosha matokeo ya uchunguzi mu masomo 319. Nyuma ya miezi 15, watoto wenye walipata mashini hawakupita wenzao mu hesabu, wala mu kusoma. Mu majaribio mengine ya akili walionekana kupanda kidogo, lakini ku tablo ya mwalimu hakuna kitu kilibadilika.

Sababu gani? Wengine walisema walimu ni wavivu. Hapana. Mwalimu wa kalasi ya tatu ana programe ya inchi mbele yake: siku ya pili ni kutosha na kubakiza, siku ya tatu ni kusoma. Anafungua ile mashini na anakuta kobe, muziki na rangi. Vitu vizuri vyote, lakini somo lake la siku ya pili haliko. Ana watoto wengi mu kalasi moja na enspektere anakuja mwezi ujao. Ninyi mungefanya nini? Anafunga mashini na anachukua krayo yake.

Negroponte mwenyewe aliamini sana kama mutoto akipewa mashini atajifunza peke yake. Mu 2011 alifika hata kusema tableti zinaweza kuangushwa kwa helikopta mu vijiji. Mutu yeyote mwenye amekwisha kuona mashini mupya inafika ku karyere bila fundi wa kuifundisha anajua mwisho wa ile habari. Mwalimu Morgan Ames wa Marekani alifuata watoto wa Caacupé, kule Paraguay, wenye walipata zile mashini za rangi ya majani, na buku yake ilitoka mu 2019. Watoto wengi wenye walipenda ile mashini waliifanya redio na sinema: muziki, video, michezo. Wenye walifika kuandika programu walikuwa wachache sana, na karibu na kila mumoja wao kulikuwa muzazi ao mwalimu mwenye kukaa naye na kumuuliza maulizo. Ba mama wenye wanafikiri hawawezi kusaidia juu hawajui ordinatere, hapo muko na kazi yenu.

Jirani yetu Rwanda nayo iliingia mu ile kazi tangu 2008, na iligawa zaidi ya mashini 200.000. Ni miaka ile ile masomo yao yalikuwa yanahama kuingia mu Kiingereza. Mutoto wa kijijini alipokea mara moja mashini ya kigeni na luga ya kigeni.

Wenye walichukua njia ingine ni watu wa Nepal, inchi ya milima mirefu kule Asia, masikini sawa sisi. Mu 2008 walianza na masomo mawili tu. Mawili, haiko elfu mbili. Tena walikalisha walimu na waandishi wa programu pa meza moja, wakafungua buku ya programe ya inchi yao, wakatengeneza mazoezi kufuata somo kwa somo, mu luga ya Kinepali. Zile mazoezi wakaziita E-Paath. Pamoja nazo waliweka mu kila masomo mashini moja yenye kubeba maktaba nzima, watoto wasome mabuku bila kungojea intaneti. Mwalimu wa Nepal akifungua mashini anakuta somo lake la leo. Tofauti yote iko pale, na haina lazima ya kuelezwa na mujuzi.

Sasa tukuje karibu. Kati ya 2017 na 2019 kulifanyika Tanzania, mu jimbo la Tanga, shindano lenye watu wetu wengi hawakusikia. Liliitwa Global Learning XPRIZE, la dola millioni 15, na makuta yalitoka ku mufuko wa Elon Musk, yule mwenye magari ya umeme (na ninyi munajua magari ya umeme yanabeba nini). Swali lilikuwa moja: nani anaweza kutengeneza programu yenye itamufundisha mutoto kusoma, kuandika na kuhesabu, mahali hakuna masomo? Vikundi vitano vilifika ku mwisho. Programu zao, zote kwa Kiswahili, ziliwekwa mu tableti na kupelekwa mu vijiji karibu 170, kwa watoto karibu 2.700. Umeme ulitoka ku jua. Mbele ya kuanza, zaidi ya 90 % ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Nyuma ya miezi 15, hesabu ile ilikuwa imekatwa katikati. Mu mwezi wa 5 wa 2019 vikundi viwili, Kitkit School na onebillion, viligawana zawadi ya kwanza.

Miezi 15 kule Peru, miezi 15 kule Tanga. Ni kweli watoto wa Tanga walianza chini kabisa, na mutu mwenye kuanza chini anapanda upesi. Lakini kulikuwa na mambo yenye waandishi wa programu walipashwa kufikiri, na yenye kutuangalia sisi. Mutoto asiyejua kusoma hawezi kusoma maagizo, kwa hiyo tableti inapashwa kumuzungumuzia kwa sauti ya mutu, polepole, mu luga ya nyumbani kwao. Inapashwa kumungojea. Akikosa, imurudishe hatua moja nyuma, isimupigie kelele. Na ikizimika katikati, kesho ianzie pale alipoachia.

Kuko na jambo lingine, la silabi, na hapa tukawie kidogo. Mu Kifalansa mutoto anakutana na «c» yenye kusomwa namna moja mu «café» na namna ingine mu «ciel». Anakutana na «eau», herufi tatu juu ya sauti moja. Mwalimu wa Kifalansa ana lazima ya kufundisha maneno mengi kwa sura yao. Kiswahili hakiko vile. Mutoto mwenye kujua ba-be-bi-bo-bu, ka-ke-ki-ko-ku, ra-re-ri-ro-ru, amekwisha kusoma bu-ka-ri, na hakuna mutego. Lakini maneno yetu ni marefu. «Tutawapikia» ni neno moja mu Kiswahili na ni sentensi nzima kwa Mufalansa. Programu yenye imetafsiriwa tu kutoka luga ya Wazungu inatoa picha ya pomme na neno lake, inatoa mustari mufupi ambamo neno letu halitoshi, na inamufundisha mutoto kukariri sura. Programu yenye imefikiriwa mu Kiswahili inakata neno: tu-ta-wa-pi-ki-a. Na mu picha inaweka embe, lengalenga na muhogo.

Basi tuchukue tu zile za Tanga? Inawezekana, na bila kulipa: sharti la shindano lilikuwa programu zote zifunguliwe, kila mutu aruhusiwe kuzitumikisha na kuzibadili. Hii ni mali yenye imelala mu njia. Lakini Kiswahili ya Tanga na Kiswahili ya Kolwezi ni ndugu wenye hawakukulia nyumba moja. Tableti itasema «mtoto», «mtu», «mti». Mutoto wetu nyumbani anasikia mu-to-to, mu-tu, mu-ti. Ataangalia «mtu» na atatafuta ile «u» yenye haiko, na atafikiri ni yeye mujinga. Kuko walimu wenye watasema: «Njo vizuri, ajifunze Kiswahili bora.» Atajifunza, Biblia na vitabu vya nyimbo vitamufundisha. Lakini mu miezi ya kwanza, wakati anagundua kama alama nyeusi ku ekra ni maneno ya kinywa cha mama yake, tusimuwekee jiwe mu njia. Turekodi sauti upya. Kazi ile inaomba mwalimu wa kalasi ya kwanza mwenye sauti safi, chumba chenye kimya, na kijana mwenye kujua kuingiza sauti mu programu. Vijana wenye kusoma informatike hatuwakose mu Lubumbashi wala mu Kolwezi. Sosiete yenye kununua tableti 500 inaweza kununua 450 na kulipa watu wale kwa makuta yenye kubakia.

Tunajua wazazi wengine watakataa: «Kiswahili anakijua tayari, mufundishe Kifalansa apate kazi ya biro.» Tunawasikia. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inapokea luga za inchi mu mwanzo wa primere, na haikuandikwa na watu wenye kuchukia Kifalansa. Kule Malawi, ile onebillion tunasema juu yake ilianza na Kichewa. Mu mwaka 2015 ilitangazwa kama watoto wa Lilongwe wenye walifanya hesabu ku tableti mu luga yao, kwa majuma nane tu, waliwapita wenye walifuata somo la kawaida. Leo serikali ya Malawi inaipeleka mu masomo mengi, tableti zinachajiwa na jua, na watoto wanaingia kwa zamu. Kwa zamu: kwetu kwenye kalasi zilijaa tangu primere ilifanywa bure mu 2019, tableti 50 zenye kuzunguka zinaweza kutumikia watoto wengi kuliko 500 zenye kugawiwa nyumbani na kuishia ku soko.

Basi mu kikao kijacho, musiulize tu «ngapi?» Ulizeni ni nani alitengeneza programu, na kama mwalimu wa kwetu alikaa naye. Inafuata programe ya kalasi gani? Inatembea bila intaneti, na umeme ukikatika siku tatu? Ikiharibika, nani anaitengeneza, mu muji gani, na ni nani analipa? Mashini ya Negroponte ilikuwa na visu vya akiba ndani. Tableti nyingi za leo zimefungwa na gundi, na fundi wa soko ataivunja mbele ya kuifungua.

Tena, mbele ya kutia sini, ombeni tableti moja tu ya kupima. Muiite mutoto wa miaka sita wa kambi, mwenye hajui kusoma, mumupe, na wote mu chumba munyamaze nusu saa: chefu wa kartie, mjumbe wa sosiete, direktere. Muangalie uso wake. Kama sosiete haitaki kuleta ile moja, sekretere aandike mu proseverbali kama iliombwa na ilikataa.